Shahada ya Saikolojia: Tuulize Njia Kabla ya Kulipa Nauli

(Hotuba ya mwongozo kwa wahitimu wa kidato cha sita, wazazi na walezi)



Tumezoea kukutana nanyi kuzungumzia mizani ya dukani, tarehe za mwisho wa matumizi na umuhimu wa kudai risiti. Leo tumekuja kuzungumzia huduma isiyopimwa kwa kilo wala kufungwa katika boksi, lakini ambayo kwa familia nyingi huwa ndiyo matumizi makubwa kuliko yote kabla ya kujenga nyumba. Huduma hiyo ni elimu ya chuo kikuu. Nasi tumechagua fani moja tu, saikolojia, kwa kuwa ni fani inayopendwa na vijana, yenye faida nyingi, na ambayo watu wengi huinunua bila kujua kilichomo ndani yake.

Turuhusuni tuanze na bahasha ya kaki.

Msimu mmoja wa udahili alifika mezani kwetu binti akiwa na bahasha hiyo. Ndani yake mlikuwa na cheti cha shahada ya kwanza ya saikolojia, matokeo ya mihula sita, na barua mbili. Barua ya kwanza ilitoka katika hospitali alikoomba kazi. Ilimweleza kwa adabu kwamba nafasi ya mwanasaikolojia tiba humhitaji mwenye shahada ya uzamili katika fani hiyo. Barua ya pili ilitoka katika chuo alikoomba kusoma uzamili huo. Ilimweleza, kwa adabu ile ile, kwamba wastani wake wa alama ulikuwa 2.5, nao walihitaji usiopungua 2.7. Mama yake, aliyekuja naye, alitaka kujua kama ada ya miaka mitatu inaweza kurudishwa.

Tulisoma kila karatasi. Chuo kilikuwa na ithibati. Programu ilikuwa imeidhinishwa. Wahadhiri walifundisha, mitihani ilifanyika, cheti kilikuwa halali. Hapakuwa na udanganyifu wa kushtakiwa wala mkataba uliovunjwa. Binti alituambia sentensi moja tu: “Hakuna aliyeniambia.” Naye alisema kweli. Hata kijitabu chetu cha wakati ule kilieleza ada, hosteli na risiti. Hakikuwa na mstari mmoja uliomweleza kwamba shahada aliyoichagua haikuwa mwisho wa njia aliyoitaka. Hotuba hii ni sehemu ya deni letu kwake.

Shahada hii ni nini, na si nini

Saikolojia ni sayansi ya akili na mwenendo wa binadamu. Tunasisitiza neno sayansi. Wanahistoria wa fani hii huanzia kwenye maabara aliyoifungua Wilhelm Wundt mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879. Na roho ya maabara haijaondoka hata leo. Kijana anayedhani atatumia miaka mitatu kusikiliza matatizo ya watu na kuwafariji atakutana kwanza na takwimu, mbinu za utafiti na upimaji. Atasoma jinsi mtoto anavyokua, jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi, jinsi kundi linavyombadilisha mtu mmoja mmoja, na jinsi maradhi ya akili yanavyoainishwa. Aliyechagua saikolojia ili akimbie hesabu amekimbilia mlango uleule kwa upande wa nyuma.

Shahada ya kwanza hutoa msingi wa maarifa hayo. Haimpi mhitimu mamlaka ya kutibu. Mwanasaikolojia tiba husomea kazi hiyo katika ngazi ya uzamili, akiwa chini ya usimamizi wa wabobezi na mbele ya wagonjwa halisi. Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili ni miongoni mwa vyuo vinavyotoa mafunzo ya aina hiyo.

Tena tusimchanganye mwanasaikolojia na daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Huyu wa pili ni tabibu: alisoma udaktari wa binadamu kwa miaka mitano, akafanya mafunzo ya vitendo hospitalini kwa mwaka mmoja, ndipo akasomea ubingwa. Yeye huandika dawa. Njia yake huanza kidato cha tano, kwa tahasusi yenye Kemia na Biolojia. Kijana aliyesoma Historia, Jiografia na Kiswahili hawezi kufika huko kwa kupitia shahada ya saikolojia, hata aisome kwa ufaulu wa juu namna gani. Ni afadhali ajue leo, akiwa bado na fomu mkononi.

Anza na kazi, kisha rudi nyuma

Mshonaji hununui kitambaa kabla ya kujua kama anashona kanzu au pazia. Nasi tunawashauri mfanye hivyo hivyo: tajeni kwanza kazi, kisha rudini nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye fomu ya maombi. Saikolojia ina njia kadhaa, nasi tutazitaja zile zinazoulizwa zaidi.

Njia ya tiba. Anayeitaka ahesabu tangu mwanzo shahada mbili, wala si moja. Katika mfumo wetu wa alama, wastani wa 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni pasi. Pasi ni kufaulu, lakini mara nyingi haifungui mlango wa uzamili. Kwa hiyo mwanafunzi wa njia hii hana mwaka wa kupumzika: alama za muhula wa kwanza kabisa huingia katika wastani ule ule utakaosomwa na kamati ya udahili miaka mitatu baadaye. Achague kozi za hiari zinazohusu maradhi ya akili, upimaji na misingi ya unasihi. Na kama chuo kinatoa nafasi ya kuandika tasnifu ya utafiti, asiikwepe.

Njia ya ualimu. Hapa kuna mtego wa majina. Zipo shahada za Ualimu katika Saikolojia, na zipo shahada za Sanaa katika Saikolojia. Zinafanana kwa masikio, lakini ya kwanza ina kozi za ufundishaji, mazoezi ya kufundisha na kwa kawaida somo la kufundishia. Ya pili haina mambo hayo. Anayetaka kuwa mwalimu, au mkufunzi katika chuo cha ualimu, asome jina lote la programu hadi neno la mwisho, na aulize ni somo gani atakalolifundisha darasani.

Njia ya unasihi na ustawi wa jamii. Watu wengi hudhani kazi za kuhudumia watoto, familia na waathirika wa ukatili huwaendea wahitimu wa saikolojia moja kwa moja. Baadhi ya matangazo ya kazi hutaja saikolojia kwa jina. Mengine hutaja ustawi wa jamii pekee. Pengine shahada ya ustawi wa jamii, kama zinazotolewa na Taasisi ya Ustawi wa Jamii, ndiyo njia fupi zaidi kwa kijana fulani. Hatusemi hivi ili kuidharau saikolojia. Tunasema kwa sababu mlaji mwerevu hulinganisha bidhaa mbili kabla ya kulipia moja.

Njia ya kazi na biashara. Ajira katika rasilimaliwatu, utafiti wa masoko na tathmini ya miradi huhitaji watu wanaoelewa mwenendo wa binadamu na wanaoweza kuusoma mwenendo huo katika namba. Mwanafunzi wa njia hii aongeze kozi za menejimenti, aisome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na asiridhike na kozi moja ya takwimu. Anayeweza kuandaa dodoso, kulichambua kwa kompyuta na kuandika ripoti inayoeleweka ana ujuzi ambao mwajiri anaweza kuuona kwa macho.

Njia ya kwenda nje. Kila nchi ina lango lake. Kenya ilitunga mwaka 2014 sheria ya wanasihi na wanasaikolojia, inayounda bodi ya kuwasajili. Afrika Kusini humsajili mwanasaikolojia baada ya uzamili na mafunzo ya vitendo. Uingereza cheo cha mwanasaikolojia tiba kinalindwa na sheria, na nchini Marekani kila jimbo hutoa leseni yake, ambayo kwa kawaida hudai shahada ya uzamivu. Mwenye ndoto ya kufanya kazi nje asisubiri kuhitimu ndipo auulize mlango una kufuli gani.

Ushauri wetu wa vitendo kuhusu jambo hili ni huu: kabla ya kujaza fomu, kusanyeni matangazo kumi ya kazi mnayoitaka. Yatafuteni katika tovuti ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, katika magazeti, na katika mbao za matangazo za hospitali na mashirika. Pigieni mstari sifa zinazotakiwa. Mkiona sifa fulani imerudiwa katika matangazo saba kati ya kumi, hiyo ndiyo sifa mnayokwenda kuinunua chuoni. Kazi hii huchukua siku mbili na gharama yake ni ndogo. Faida yake binti wa bahasha ya kaki angeijua.

Miaka mitatu ina saa zake

Shahada ya kwanza hapa nchini huhitaji krediti zisizopungua 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Ni saa 3,600. Nyingi kati yake zimekwisha kupangwa na mtaala, lakini zile za kozi za hiari na za mafunzo kwa vitendo ni mali ya mwanafunzi, na ndizo zinazotofautisha vyeti viwili vyenye jina moja.

Mwaka wa kwanza, jengeni msingi na wastani wa alama. Msiahirishe takwimu moyoni hata kama haziahirishwi katika ratiba. Mwaka wa pili, chagueni kozi za hiari kwa kufuata kazi mliyoitaja, wala si kwa kufuata rafiki au sifa ya mhadhiri mwenye huruma. Mwaka wa tatu, fanyeni utafiti unaohusiana na kazi hiyo, na muwafahamu vizuri angalau wahadhiri wawili, kwa maana watakaoandika barua za kuwapendekeza ni hao.

Mafunzo kwa vitendo tunayasemea peke yake. Tumeona wanafunzi wakiyafanya katika ofisi iliyo karibu na nyumbani ili waokoe nauli, wakapangwa kupokea simu na kunakili barua kwa wiki nane. Nauli waliiokoa, lakini wiki nane hazikurudi. Ombeni nafasi mapema, mahali panapofanana na kazi mnayoitaka, na mwombe kwa maandishi orodha ya kazi mtakazopewa na jina la msimamizi wenu.

Kabla ya kulipa: maswali ya kuuliza

Mlaji ana haki ya kuelezwa anachonunua. Mnapofika katika ofisi ya udahili, msione haya kuuliza maswali haya sita, na mwombe majibu yaliyoandikwa:

1. Je, programu hii, kwa jina lake kamili, imeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania? Ithibati ya chuo haitoshi. Ulizeni kuhusu programu. Hakikisheni wenyewe katika mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume kila mwaka.

2. Sifa za kuingia ni zipi? Kwa utaratibu wa kawaida, mwombaji wa kidato cha sita huhitaji ufaulu wa masomo mawili ya kiwango cha juu wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Lakini programu inaweza kudai masomo maalumu au pointi zaidi.

3. Kozi gani ni za lazima, zipi ni za hiari, na je, za hiari zilizoorodheshwa zilifundishwa kweli mwaka uliopita? Kozi iliyoandikwa katika kijitabu bila mwalimu ni sawa na chakula kilichoandikwa ukutani wakati jikoni hakipo.

4. Mafunzo kwa vitendo hufanyika lini, wapi, na nani hulipia usafiri na posho?

5. Wahitimu wa miaka ya karibuni wanafanya kazi gani? Ombeni kuzungumza na wawili au watatu. Chuo kinachojiamini hakitaficha wahitimu wake.

6. Mbali na ada, kuna malipo gani mengine, na masharti ya kurudishiwa fedha ni yapi mwanafunzi akihama au akiahirisha masomo?

Tangazo lolote linalosema “kuwa mwanasaikolojia tiba kwa miaka mitatu”, au kozi ya wiki chache inayoahidi cheti cha kutibu majeraha ya nafsi, lisitiliwe sahihi siku hiyo hiyo. Likateni, liwekeni, mlilete kwetu. Na kila stakabadhi, barua na ujumbe wa ahadi utunzeni katika jalada moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tunaongeza kwamba hata malalamiko bila daftari hupotea vivyo hivyo.

Gharama isiyoandikwa katika fomu ya ada

Wengi wenu mtasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mkopo huo umewafikisha watoto wengi wa wakulima na wachuuzi katika kumbi za mahafali, nasi tunauthamini. Lakini ni mkopo. Mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Anayepokea shilingi 800,000 za mshahara wa msingi atakatwa shilingi 120,000 kila mwezi. Kama njia yake inahitaji shahada ya pili, basi ada ya shahada hiyo itaombwa kutoka mfuko ule ule unaokatwa. Kaeni chini kama familia, mwandike hesabu ya njia nzima, tangu fomu ya kwanza hadi siku ya kazi. Si kwa ajili ya kuogopa, bali ili hesabu isije ikawashtukiza katikati ya safari.

Ipo pia gharama inayomwangukia mtu mwingine kabisa. Mhitimu aliyekata tamaa hufungua chumba, huandika “mwanasaikolojia” mlangoni, na huanza kupokea watu wenye huzuni nzito. Pengine ana moyo mwema. Lakini mtu anayefikiria kujiua, au anayesikia sauti zisizokuwapo, anahitaji hospitali na wataalamu waliofundishwa. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 ilitungwa kwa ajili ya matunzo na ulinzi wa watu kama hao. Anayemchelewesha kwa mazungumzo asiyoyasomea anaweza kumgharimu uhai. Kwa hiyo tunapowasihi mpange masomo yenu vizuri, hatulindi fedha zenu pekee. Tunamlinda pia mgonjwa ambaye bado hamjakutana naye.

Kwa wale wenye shaka

Tunajua wapo watakaosema: “Mtoto ana miaka 19, atajuaje kazi anayoitaka?” Ni swali la haki. Hatumdai kijana aape. Mpango wa masomo si hukumu, na watu hubadilika wanapokutana na mambo mapya. Tunachoomba ni kwamba achague njia moja kwa sasa, na aache mlango wa pili wazi. Anayeelekea tiba na akasoma takwimu vizuri anaweza kugeukia utafiti. Anayeelekea rasilimaliwatu na akatunza wastani wake juu ya 3.5 anaweza bado kuomba uzamili wa tiba. Asiyechagua lolote hufungiwa milango yote miwili bila kusikia kishindo.

Wapo pia watakaosema kwamba elimu si ya kutafutia kazi tu. Tunakubaliana nao. Kuielewa nafsi ya binadamu ni faida hata kwa mzazi, hata kwa jirani, hata kwa mwenyekiti wa mtaa anayepatanisha wagomvi. Kama familia inaweza kulipia elimu kwa sababu hiyo, na imelijua hilo, hatuna neno. Shida yetu ni pale sababu hiyo inapotolewa baada ya cheti kukosa kazi, kama pole.

Mtauliza mwisho wa binti yule. Hatukuweza kumrudishia ada. Tulikaa naye, tukafungua matokeo yake, tukaona kwamba alama zake za utafiti na takwimu zilikuwa nzuri kuliko alivyodhani, kwa kuwa alikuwa akitazama tu zile zilizomwangusha. Tukamwelekeza kwenye kazi za utafiti wa nyanjani. Aliondoka na bahasha yake kwapani, na orodha ya mahali pa kuomba. Ilikuwa nusu ya msaada, nao ulikuja miaka mitatu baadaye kuliko ulivyostahili.

Ninyi mmeupata mapema. Fomu bado hazijajazwa, na ada bado haijalipwa. Ofisi zetu zi wazi kwa yeyote anayetaka kusomewa programu kabla ya kutia sahihi, na huduma hiyo haina malipo. Njooni na mwongozo wa udahili, njooni na matangazo yenu kumi, na msione haya kuuliza.

Tunawatakia uchaguzi mwema.